Miguu Iliyokatwa na Miguu Iliyopona: Tuhesabu Vipi?

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii hapa Mai Mahiu. Kama uko jikoni, endelea kuchambua mboga huku ukisikiliza. Na kama kuna mzee mwenye ugonjwa wa kisukari hapo nyumbani, mwite akae karibu na redio, maana habari ya leo ni yake na yako.

Siku moja mama mmoja alikuja kuniona akiwa na wasiwasi. Baba mkwe wake, ambaye hapa tutamwita Guka, ana kisukari kwa miaka mingi. Alipokuwa akichunga mbuzi kule chini ya mteremko, alikanyaga mwiba wa mgunga. Hakusikia uchungu. Aliendelea na kazi yake, na mama huyo aligundua tu alipokuwa akifua, akaona soksi ina damu na usaha. Kumwangalia mguu, kidole kilikuwa kimevimba na kinanuka.

Mama alimwomba waende hospitali. Guka alikataa kabisa. Alisema, "Huko watu hukatwa miguu. Kutoka kijiji hiki wameenda watu watano na vidonda, na wawili wamerudi na mguu mmoja. Mimi sitaki kuwa wa tatu."

Mama akaniuliza, "Sista, hesabu ya mzee ni ya kweli au ni ya uongo?"

Nilimjibu kwamba hesabu ni ya kweli, lakini imesomwa vibaya. Leo nataka tuisome pamoja, kwa sababu kusoma hesabu vibaya kunaweza kumfanya mtu akae na kidonda nyumbani mpaka apoteze mguu au maisha.

KWA NINI MGUU HUKATWA

Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu ya miguu. Mguu hufa ganzi. Mtu hukanyaga msumari, huungua na makaa au huumizwa na kiatu, na hasikii kitu. Pia mishipa inayopeleka damu miguuni huziba polepole. Damu ikiwa kidogo, kidonda hakiponi haraka. Kisha vijidudu huingia, usaha hupanda, na nyama huanza kuoza.

Daktari hakati mguu kwa sababu mtu ana kisukari. Anakata kwa sababu sehemu imeoza, au sumu ya kidonda inaelekea kuingia kwenye damu na kumuua mgonjwa. Kati ya mwiba na msumeno kuna siku nyingi. Mguu unaokolewa ndani ya siku hizo.

SWALI LA KWANZA: WANGAPI KATI YA WANGAPI?

Nilimwambia yule mama tuketi kwenye benchi tuhesabu upya. Nilimwuliza, "Kijijini kwenu, unajua watu wangapi wenye sukari?" Alihesabu kwa vidole, akataja na majirani wa ng'ambo ya barabara, akafika watu 14.

Kwa hivyo Guka alikuwa amesema wawili kati ya watano. Lakini ukiuliza kati ya wote wenye kisukari, ni wawili kati ya 14. Wale wengine hawana kidonda. Hakuna anayewataja, kwa sababu mtu anayetembea vizuri kwenda sokoni si habari.

Hesabu zote mbili ni sawa, lakini zinajibu maswali tofauti. Moja inauliza: mtu akishapata kidonda, hatari ni kiasi gani? Nyingine inauliza: mtu mwenye kisukari, kwa jumla, hatari yake ni kiasi gani? Ukichanganya maswali haya, utaogopa bure au utajipa moyo bure.

Mfano wa kweli ni huu. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, na kuchapishwa mwaka wa 2003, uliwaangalia wagonjwa wa kisukari 1,788. Waliokuwa na vidonda vya miguu walikuwa 82. Ukisikia "watu 82 wana vidonda" unashtuka. Ukigawanya, unapata karibu watu 5 katika kila 100. Na kumbuka hao ni wenye vidonda, si waliokatwa. Kila ukisikia idadi, uliza: kati ya wangapi?

Tena watu watano ni wachache mno kwa kuamua jambo. Mwaka mmoja anaweza kukatwa mmoja, mwaka unaofuata watatu, na hospitali haijabadilika hata kidogo. Ndiyo sababu wanaopima kazi ya kliniki huhesabu watu wengi, tena kwa miaka kadhaa.

SWALI LA PILI: WALIFIKA WAKIWA NA HALI GANI?

Nilimwuliza mama, "Wale wawili waliokatwa, walikaa nyumbani na vidonda kwa muda gani?" Alinyamaza kidogo. Mmoja alikaa zaidi ya mwezi mmoja akiweka dawa za miti. Mwingine alikuwa akifunga kwa kitambaa na kuendelea na kazi ya kupakia mawe, mpaka akashikwa na homa. "Na wale watatu waliorudi na miguu yao?" Wawili walienda wiki ya kwanza. Mmoja alipelekwa na bintiye siku ya pili.

Hapo unaona kwamba tofauti kubwa ni siku walizokaa nyumbani.

Hili ndilo jambo linalowachanganya watu wengi kuhusu kliniki maalum za miguu. Tuseme kuna zahanati inayoona wagonjwa 100 wa kisukari, wengi wao bila vidonda. Kwa mwaka, wawili wanakatwa. Halafu kuna kliniki maalum ya miguu katika hospitali kubwa. Hiyo hupokea wagonjwa 20 waliotumwa kutoka kila mahali, wote wakiwa na vidonda vibaya. Kwa mwaka, wanne wanakatwa. Zahanati ni 2 kwa 100. Kliniki maalum ni 20 kwa 100. Je, tuseme kliniki maalum ni mbaya mara kumi?

Hapana. Kliniki maalum imepokea waliozidiwa. Bila hiyo huenda wangekatwa kumi kati ya 20. Ukitaka kulinganisha, linganisha kidonda kidogo na kidonda kidogo, na kilichooza na kilichooza.

Na hofu hii hujizalisha yenyewe. Watu wakisikia hospitali inakata, wanachelewa. Wakichelewa, wanafika wameoza. Wakifika wameoza, wanakatwa. Halafu kijiji kinasema, "Si tuliwaambia?"

SWALI LA TATU: KILICHOKATWA NI NINI?

Katika mazungumzo yetu ya kawaida tunasema tu "amekatwa". Lakini kukatwa kidole kimoja na kukatwa mguu juu ya goti si jambo moja. Madaktari hugawa sehemu mbili. Kukatwa chini ya kifundo cha mguu, yaani kidole au sehemu ya unyayo, huitwa kukatwa kudogo. Kukatwa juu ya kifundo huitwa kukatwa kukubwa. Aliyepoteza kidole anaweza kuvaa kiatu na kwenda shambani. Aliyekatwa juu ya goti anahitaji mguu wa bandia, magongo, au mtu wa kumsaidia kila siku. Mara nyingi mtu huyo ni wewe, mama.

Kuna mji unaoitwa Ipswich huko Uingereza. Hospitali ya mji huo ilipanga upya huduma ya miguu ya wagonjwa wa kisukari, ikahesabu kwa makini kwa miaka 11, kuanzia 1995 hadi 2005. Hapo mwanzo, katika kila watu 10,000 wenye kisukari, kulikuwa na visa karibu 36 vya kukatwa kukubwa kwa mwaka. Mwishoni vilikuwa karibu 7. Lakini visa vya kukatwa kudogo viliongezeka kidogo katika mji huo. Mtu asiyeelewa angesikia hayo na kulalamika. Anayeelewa anajua kwamba wakati mwingine kidole huondolewa mapema ili mguu ubaki.

London nako, katika hospitali ya King's College, kliniki maalum ya miguu ilifunguliwa mwaka wa 1981. Daktari, muuguzi, mtaalamu wa miguu na mtengeneza viatu walifanya kazi pamoja. Taarifa yao ya mwaka wa 1986 ilionyesha kwamba kukatwa kukubwa kulipungua kwa nusu hivi.

Usiseme hayo ni ya Wazungu tu. Katikati ya miaka ya 2000, majirani zetu Tanzania walikuwa na mradi ulioitwa Step by Step, yaani hatua kwa hatua, ukiongozwa na Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam. Timu 15, kila moja ikiwa na daktari pamoja na muuguzi au mhudumu mwenzake, zilifundishwa kukagua miguu, kusafisha vidonda, na kuwafundisha wagonjwa na jamaa zao. Walipata mafunzo ya kwanza, wakarudi kazini kwao, na baada ya mwaka wakapata mafunzo ya juu zaidi. Mwaka wa 2011 walichapisha taarifa kwamba kazi hiyo ilipunguza vidonda na kukatwa miguu. Sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa kuvua viatu vya wagonjwa na kuangalia miguu kabla haijaharibika.

SWALI LA NNE: NA WALE WASIOONEKANA?

Tulipokuwa tukimaliza hesabu pale kwenye benchi, mama alikumbuka kitu. Alisema, "Sista, katika wale 14 nilimhesabu na Cucu mmoja aliyefariki mwaka jana. Alikuwa na kidonda kisiginoni. Hakutaka kwenda hospitali."

Katika hesabu ya Guka, Cucu huyo hakukatwa. Alizikwa na miguu yake miwili.

Kwa hivyo hospitali ikisema, "Mwaka huu hatukumkata mtu yeyote," usipige makofi haraka. Uliza wagonjwa wako wapi. Wengine huenda walihamia kwingine, wengine walikosa nauli, na wengine walifariki. Kliniki nzuri haihesabu tu waliokatwa. Inahesabu waliopona, waliopata kidonda tena, walioacha kuja na waliofariki. Tena inampigia simu aliyekosa siku yake.

Mgonjwa wako akitumwa kutoka hapa kwenda Naivasha au Nakuru, ile karatasi ya rufaa na kitabu cha kliniki visipotee. Bila hivyo, huko anaandikwa upya kama mtu mgeni, na hakuna anayejua kidonda kilianza lini.

KAZI YAKO NYUMBANI

Mama, wewe ndiwe kliniki ya kwanza ya mguu. Anza na kipimo hiki rahisi. Kilianzia kule Ipswich na hakihitaji mashine.

Mwambie mgonjwa avue viatu na soksi, alale au akae, na afumbe macho. Kwa ncha ya kidole chako, gusa kidogo tu ncha ya kidole gumba cha mguu wake kwa sekunde moja au mbili. Usibonyeze wala kusugua. Aseme akisikia, na ataje mguu upi. Kisha gusa kidole cha kati, halafu kidole cha mwisho. Fanya hivyo miguu yote miwili. Hapo umegusa vidole sita. Akikosa kusikia viwili au zaidi, mguu una ganzi. Mpeleke akapimwe kliniki, hata kama hana kidonda. Na hata akisikia vyote sita, miguu yake ikaguliwe kliniki angalau mara moja kwa mwaka.

Kisha kila jioni:

1. Angalia miguu yote miwili, juu, chini na katikati ya vidole. Wengi wazee hawaoni vizuri wala hawawezi kuinama. Mjukuu anaweza kusaidia.

2. Osha kwa maji ya uvuguvugu. Pima maji kwa mkono wako wewe, si kwa mguu wake. Jina la mji wetu maana yake ni maji moto, lakini kwa mguu wenye ganzi maji moto ni adui. Vivyo hivyo jiko la makaa na chupa ya maji moto wakati wa baridi.

3. Kausha vizuri katikati ya vidole. Paka mafuta juu na chini ya mguu, lakini usipake katikati ya vidole.

4. Kata kucha kwa kunyoosha, usichimbe pembeni. Sugu usizikate kwa wembe. Funza usiwatoe kwa sindano au mwiba, mlete kliniki.

5. Asitembee bila viatu, hata ndani ya nyumba. Akala wazi huacha vidole nje, na miiba yetu mnaijua. Kabla hajavaa kiatu, tia mkono ndani utafute kijiwe au msumari.

Weka daftari dogo. Andika tarehe, mguu gani, na ulichoona. Ukiandika "Jumanne, kidole kidogo cha kushoto, wekundu," daktari anajua siku ngapi zimepita. Hiyo ni hesabu bora kuliko hesabu ya kijiji.

USINGOJE KESHO

Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo ukiona kidonda chochote, lengelenge, uvimbe, wekundu, joto upande mmoja, usaha, harufu mbaya, au rangi nyeusi. Akiwa na homa au kutetemeka pia, hiyo ni dharura. Funika kidonda kwa kitambaa safi kikavu, na asikikanyage. Usiweke majivu, mafuta ya taa, kinyesi cha ng'ombe wala dawa za miti.

MASWALI YENU

Msikilizaji mmoja anauliza: "Mzee wangu hasikii uchungu. Si hiyo ni dalili kwamba kidonda ni kidogo?" La hasha. Kwa mwenye kisukari, kidonda kisichouma ni cha kuogopwa zaidi, kwa sababu ganzi imefunika uchungu.

Mwingine anauliza: "Mume wangu alikatwa kidole akapona. Je, sasa amemaliza?" Hapana. Aliyewahi kupata kidonda au kukatwa ana hatari kubwa ya kupata kingine. Huyu ndiye wa kukaguliwa mara nyingi zaidi, miguu yote miwili.

Wa tatu anauliza: "Nitajuaje kama mama yangu ana sukari?" Kwa kupimwa tu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya wazima 9 kati ya 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Tangu mwaka wa 2023, wahudumu wa afya wa kijiji wamepewa mikoba yenye mashine ya kupima sukari na presha. Mhudumu wako akibisha hodi, mwambie aanze na mama.

KUMBUKA

Ukisikia habari za waliokatwa miguu, uliza maswali manne. Wangapi kati ya wangapi? Walifika mapema au wamechelewa? Kilichokatwa ni kidole au ni mguu? Na waliopotea, nani amewahesabu?

Na Guka je? Mama alirudi nyumbani na ile hesabu. Alimtajia wale 14 mmoja mmoja kwa majina, pamoja na Cucu. Mzee alikaa kimya usiku huo. Asubuhi aliuliza matatu ya kwanza yanaondoka saa ngapi.

Kidole chake hakikuokolewa. Kiliondolewa, sukari ikashushwa, na kidonda kikasafishwa kwa wiki nyingi mpaka kikafunga. Katika kitabu cha hospitali cha mwaka ule, Guka ameandikwa miongoni mwa waliokatwa. Lakini ukipita kwao asubuhi utamkuta nyuma ya mbuzi wake, amevaa viatu vilivyofungwa mbele, na kila jioni mjukuu wake humvua soksi, akaangalia vidole tisa.

Leo jioni, mama, vua soksi za mgonjwa wako uangalie. Tukutane tena katika kipindi kijacho, Mungu akipenda. Kwaherini, na mbaki na afya njema.